Maji Hukutuuliza

Siku nilipoambiwa Mwalimu amerudi kwenye biashara ya nyumba, nilikuwa juu ya ngazi dukani kwangu Buyenzi, natundika makufuli. Nilishuka, sijui nilishukaje, nikajikuta nimekaa juu ya mfuko wa simenti.

"Mwalimu yupi?" nikauliza, kana kwamba mtaa wetu una mwingine.

"Huyo huyo wako," akasema aliyeniletea habari. Alikuwa komisioneri, dalali wa nyumba, mtu anayekula kwa mdomo wake. "Jana nimemupeleka Kamenge kuona kinyumba. Na mvua ilikuwa inapiga, mama. Mi nikamwambia tungoje jua, akasema jua lina uongo mwingi."

Yebabawe! Nilishika kichwa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu wetu aliumwa, akapona nusu, na sasa anarudisha mkono kwenye shimo lile lile, tena kwa hiari yake, tena na miwani usoni! Siku hiyo niliuza misumari kwa bei ya skrubu, na sikujua mpaka jioni.

Ili uelewe mshtuko wangu, lazima nikueleze huyu ni mtu gani. Alitufundisha Jiografia. Ukoo wake sitauingilia, yeye mwenyewe hakuwa na hamu nao; ukimuuliza kwao wapi alikuwa anasema, "Kwetu ni pale nilipoacha viatu vyangu." Na viatu hivyo, lahaula! Buyenzi yetu ni mtaa wa magereji, oili imemwagika kila mahali, mafundi wamelala chini ya magari na miguu yao imetokeza barabarani. Mwalimu alipita katikati ya yote hayo na viatu vinavyong'aa, anaruka madoa ya oili kama mtu mwenye udhu anayekwepa mbwa, na wala hakuwa Mwislamu. Alikuwa mlokole, wa kanisa la ngoma nyingi, ingawa kuimba hakujua kabisa.

Darasani hakupiga mtu. Rula yake ilipiga meza tu, na meza ile ilikuwa na makovu kuliko sisi. Alikuwa akichora Ziwa Tanganyika ubaoni bila kulitazama, amegeuza uso kwetu, mkono unakwenda wenyewe nyuma ya mgongo, halafu anauteremsha mto Rusizi mpaka unamwaga. Alisema: "Maji hayana adabu. Hayabishi hodi." Alisema pia: "Mto una kumbukumbu kuliko nyinyi. Pale ulipopita zamani, siku moja utataka kupita tena." Tuliyakariri hayo tukayaandika kwenye mitihani. Mpaka leo nikiona mtu anachimba msingi karibu na bonde, ulimi wenyewe unaanza: maji hayana adabu.

Sasa mtu huyo, mwenye maneno hayo, ndiye aliyekwenda kununua nyumba Buterere, kiangazi, likizo kubwa!

Mpaka leo nikiisema naishiwa pumzi. Buterere, jamani, kule chini kwenye mashamba ya mpunga! Lakini kiangazi Buterere hudanganya hata malaika. Ardhi imekauka, upepo mzuri, watoto wanacheza mpira mahali ambapo baadaye utaona vyura. Mwalimu aliona wenzake wa shule wananunua nyumba zilizochoka, wanazitia bati na rangi, wanaziuza, wanavaa saa mpya. Naye akasema kwa nini si mimi. Alikuwa na haraka ya watu wasio na mazoea ya kufanya makosa.

Sisi huku nyumba hainunuliwi kimyakimya. Siku ya kupeana, mnunuzi analeta makasha ya bia na Fanta, majirani wanakaa uani, wanakunywa, wanakuwa mashahidi. Bila kile kinywaji, karatasi yako ni karatasi tu. Mwalimu alileta makasha, na kwa kuwa ni msomi, aliuliza maswali kama anatunga mtihani. Mpaka wa parseli, kiwanja chenyewe, uko wapi? Wakamwonyesha, hadi mti wa mwisho. Muuzaji ana ndugu warithi? Wakawataja. Kuna mtu anayeidai nyumba hii? Hakuna, Mwalimu, kunywa kwa amani. Yeye na Fanta yake mkononi, wao na bia zao, wakapongezana.

Kisha akaja kwangu kununua rangi. Hapo dukani alikuwa bado baba yangu, mi nawapimia wateja. Mwalimu alichukua nyeupe ya juu na kahawia ya chini. Hilo halikumshangaza mtu, nyumba zetu nyingi hupakwa hivyo, rangi nzito kuanzia sakafuni mpaka kiunoni, maana mikono ya watoto inachafua. Na nyumba ile ya Buterere ilikuwa tayari na kahawia yake kiunoni, ya mwenye nyumba wa kwanza. Mwalimu alipaka kahawia juu ya kahawia, na alama za maji zikiwa chini yake. Mtu wa ramani, akafunika ramani kwa mkono wake mwenyewe!

Akatia karo, vile vigae vya sakafuni, akatia milango, akaiuza kabla mvua haijaanza, kwa mama mmoja wa Uvira aliyekimbia vita na watoto wake, akawa anauza vitenge. Majirani wale wale wakaja, wakanywa tena. Siku hiyo Mwalimu alipita dukani kwetu anacheka, na ndiyo mara ya kwanza niliyaona meno yake ya chini.

Mvua ikaja. Sitaki kuieleza sana. Maji yaliingia kwa mlango, na yalipochoka mlango yakatokea sakafuni, kati ya karo na karo. Yule mama wa Uvira alikutwa amesimama juu ya meza na robota la vitenge kichwani, watoto wamekaa juu ya kabati. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini vitenge vingine vilielea mpaka kwa jirani, na rangi zake zikachujuka majini, maji yakawa mekundu. Waliofika mapema walidhani kuna damu, wakapiga kelele.

Mwalimu alikwenda na viatu vyake vile vile. Akaingia majini navyo. Akamkuta mzee jirani, yule aliyemwonyesha mpaka, ametulia juu ya kitanda chake anavuta sigara. Kitanda kimeinuliwa juu ya matofali. Mwalimu akatazama kile kitanda, akatazama cha watoto, navyo juu ya matofali, na hata kabati la vyombo juu ya matofali.

"Mulijua?" akauliza.

"Tulijua, Mwalimu. Hapa tumezaliwa."

"Sasa mbona mulinyamaza? Mumekunywa bia yangu mara mbili!"

Mzee, wanasema, hakuwa na ubaya hata kidogo usoni. "Ulituuliza mipaka, tukakuonyesha. Ulituuliza warithi, tukawataja. Maji hukutuuliza."

Mi naona maneno hayo yalimwingia Mwalimu kuliko yale maji. Mtu aliyekesha miaka anatuuliza sisi maswali, anatukata alama kwa kusahau swali dogo, na yeye amesahau swali moja tu.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililoushtua mji. Alimrudishia yule mama fedha yake yote. Na yule mama hakuwa amedai! Alikuwa analia tu. Karatasi zimesainiwa, bia imenyweka, hakuna mkuu wa mtaa wala hakimu ambaye angemgusa Mwalimu. Pastori wake mwenyewe alimwambia, "Ndugu, Bwana amekuona moyo, inatosha." Akajibu, "Bwana hakusimama juu ya meza." Magerejini mafundi walibishana siku nzima: huyu ni mtakatifu au ni mjinga? Baba yangu alisema ni vyote viwili, ndiyo maana ni Mwalimu.

Ila fedha yenyewe ilikuwa imeshakwenda kwenye bati, karo na mafundi. Ilibidi kuuza kingine. Na kingine kilichokuwepo ni ua wa Mama Mwalimu, mke wake, ua aliouachiwa na mama yake mzazi hapa Buyenzi, nyuma ya msikiti, na mpera katikati.

Mama Mwalimu alisaini. Alisaini huku amewageuzia watu mgongo. Mwenye ua mpya, mfanyabiashara wa vipuri, aliwahurumia, akawapangisha vyumba viwili vya nyuma, vile ambavyo zamani Mama Mwalimu alikuwa anafugia kuku. Basi mwanamke yule akawa mpangaji katika ua ulimozikwa kitovu chake. Walihamia pale pale, hatua chache tu, wamebeba kitanda kichwani, na majirani tulijifungia ndani tusiwaone.

Kila asubuhi aliendelea kuufagia ua mzima kama zamani. Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Mama, mbona unafagia ua wa mutu? Fagia mlangoni kwako, yatosha."

"Mavumbi hayajui yamehamia kwa nani," akasema, na ufagio haukusimama.

Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa na hasira, na aliisema wazi mbele ya yeyote. "Yeye karudisha vya watu. Vya kwangu nani atarudisha? Nitakufa mu nyumba ya kuku, halafu atakuja kulia na Biblia." Mwalimu akisikia hivyo anavua miwani anaifuta, na ilikuwa safi. Hakujitetea hata mara moja. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba sentensi ile, vya kwangu nani atarudisha, ndiyo iliyomla ndani miaka yote.

Na kulala hakulala. Yaani mvua ikianza tu, hata manyunyu, Mwalimu anaamka, anavaa, anasimama mlangoni mpaka ikatike. Darasani ilikuwa hivyo hivyo: anasema, mara tone la kwanza lagonga bati, ananyamaza katikati ya neno, anakwenda dirishani. Wanafunzi wa miaka hiyo wanakwambia mvua ilikuwa mapumziko yao. "Mi nimeolewa na mulinzi wa mvua," Mama Mwalimu alikuwa akisema. "Anailinda isiende wapi?"

Alikuwa mtu wa kugongana mwenyewe kwa mwenyewe. Anakwambia usinunue kitu kwa maneno ya mtu, halafu yeye akisikia jambo redioni, limekwisha, hilo ni kweli. Ananung'unika juu ya chenji ndogo dukani kwangu mpaka foleni inatoka nje, halafu mwavuli wake ameuazima mtu tangu mwaka juzi na hauulizi. Bia hajawahi kuionja, na anajua kila mzee wa mtaa anakunywa ipi, kubwa au ndogo, baridi au ya moto. Na ile nyumba ya Buterere iliyomrudia, hakuiuza, hakuipangisha, hakuitembelea. Aliifunga. Ila ufunguo wake aliuvaa shingoni ndani ya shati. Nimeuona mwenyewe siku alipoinama kuchagua bawaba. Nilishtuka, nikadhani mlokole wetu amevaa hirizi!

Sasa unaelewa kwa nini nilikaa juu ya simenti. Mtu amestaafu, amezeeka, goti moja linalia akikaa, na anarudi kununua nyumba!

Mama Mwalimu alifunga begi. "Ukinunua hata choo," alimwambia, "mi naenda kwa mutoto wangu Gitega." Begi likawekwa mlangoni. Alinunua kinyumba cha Kamenge kwa fedha za kustaafu, begi likabaki mlangoni. Aliuza kile, akanunua kingine Kinama, begi bado. Mwishowe wageni wakawa wanalikalia.

Namna alivyokuwa akinunua ndiyo iliyovunja watu mbavu. Kwanza, haendi siku ya jua. Mvua ikipiga vizuri, watu wanakimbia kuingia ndani, yeye anatoka. Pili, nyumba inayouzwa haiangalii. Anabisha hodi kwa majirani, mzee wa watu ameloa chapachapa, anasalimia kwa heshima zote, kisha anasema: "Samahani, naomba kuona kitanda chenu."

Subhanallah! Kitanda! Huko Kinama mume mmoja alimtoa na mchi. Mwalimu akarudi nyuma mikono juu, anapiga kelele kwenye mvua, "Matofali, ndugu yangu! Nataka kuona kama kiko juu ya matofali!" Yule mume alipoelewa alicheka mpaka akakaa, akamkaribisha chai, akamwambia ya mtaa mzima, ukuta gani unalia na choo cha nani kinafurika. Ndiyo ikawa njia yake.

Tatu, rangi. Alikuja dukani akataka nyeupe tupu.

"Na ya chini, Mwalimu? Kahawia iko, imefika jana."

"Nyeupe mpaka sakafuni."

"Itachafuka!"

"Ichafuke, binti yangu. Mutu aone."

Nne, na hii iliwaudhi makomisioneri kuliko zote, kuuza pia anauza kwenye mvua. Mnunuzi anafika amelowa, anatukana moyoni, Mwalimu anampa kiti katikati ya sebule tupu na kikombe cha chai na kumwambia, "Kaa. Sikiliza." Wanakaa wanasikiliza bati. Wengine waliondoka wakisema mzee amerukwa. Lakini waliobaki walinunua, na hakuna aliyerudi kulalamika, na kidogo kidogo watu wakaanza kusema "nyumba ya Mwalimu" wakimaanisha nyumba ya kulala usingizi. Mi nilishangaa, kisha nikaona haya kwa kushangaa, kisha nikamkopesha rangi.

Faida haikwenda kwenye saa mpya. Nilidhani anaiweka anunue ua mwingine Buyenzi, kumbe kila senti aliipeleka Buterere! Malori ya mawe, malori ya kokoto. Alifungua ile nyumba, akavunja karo zake nzuri, akainua sakafu, akainua madirisha, akajenga ngazi za mbele. Nilipoiona nilisema hii sasa si nyumba, ni mimbari. Hesabu yake ilikuwa wazi, aliniambia mwenyewe. Ile nyumba ndiyo iliyokula ua wa mkewe, basi ile nyumba ndiyo itakayourudisha. Angeiuza hiyo moja, Mama Mwalimu apate mlango wake mwenyewe kabla ya kufa.

Na ilifaulu, karibu. Mvua iliyofuata maji hayakuingia ndani. Yaliizunguka tu. Yalipanda mpaka ngazi ya pili, barabara ikapotea, ukitaka kutoka ulikuwa unavua viatu na kuvuka. Lakini ndani pakavu, nyeupe mpaka sakafuni.

Alikuwa akingoja mvua nyingine aiuze, kama desturi yake. Ndipo mwenye ua, yule wa vipuri, akawaita kwa upole akawaambia anabomoa, anajenga ghorofa. Mpaka mvua zianze wawe wametoka.

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Mwalimu akaja dukani kuniomba niwe shahidi wa mauzo Buterere, kesho kutwa. Nikadhani sijasikia.

"Kiangazi, Mwalimu? We?"

Akavua miwani, akaifuta. "Mama yako atalala wapi?" akasema. Alimaanisha mkewe.

Nilikwenda. Siku ilikuwa nzuri, upepo ule ule, watoto na mpira wao. Mnunuzi alikuwa kijana wa bandarini, anayetoa mizigo ya watu forodhani, pamoja na mke wake, msichana mwenye sauti ndogo. Majirani wote walikaa uani, na yule mzee wa sigara alikuwapo, sasa haoni vizuri. Makasha yalifika. Mama Mwalimu alikaa kwenye mkeka karibu na ngazi, amevaa kitenge chake cha arusi za watu, na mi nilijua kwa nini amevaa. Tayari alikuwa ameona ua mmoja mdogo huku kwetu, wenye mpera pia. Alikuwa ameniambia kwa kunong'ona, kama msichana anayetaja mchumba.

Kijana akauliza. Mpaka uko wapi? Wakamwonyesha. Warithi wanaopinga mauzo je? Hakuna. Kuna mtu anadai? Hakuna, baba, kunywa kwa amani. Msichana alikuwa anazunguka ndani, anagusa ule ukuta mweupe, akatoka mlangoni akasema kwa furaha, "Chumba hiki cha nyuma kitakuwa cha mama yangu. Hatembei, masikini, huku kumetulia."

Nilimtazama Mwalimu. Wote tulimtazama. Chupa ya Fanta ilikuwa mkononi mwake na aliitazama kana kwamba imeandikwa kitu. Sema, nikamwambia moyoni. Sema, we si ndiye uliyerudisha? Hakusema! Mtu aliyeingia majini na viatu, mtu aliyeng'oa ua mzima kwa ajili ya mgeni, kanyamaza! Na mimi je, mdomo wangu huu unaouza dukani mchana kutwa? Nilimtazama Mama Mwalimu na kile kitenge chake, nikashindwa. Kijana alikuwa ameshashika kalamu.

"Maji hamukuuliza," akasema mtu.

Tuligeuka. Alikuwa Mama Mwalimu. Hakuwa hata amesimama.

"Mama?" kijana akasema.

"Maji. Mumeuliza yote, maji hamukuuliza. Mvua ikinyesha yanafika hapa." Akaipiga ngazi ya pili kwa kiganja, pa, pa. "Ndani hayaingii. Lakini barabara inapotea. Mama yenu akiumwa siku hiyo, mutamubeba mgongoni."

Yule mzee wa sigara ndiye aliyeanza kutikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jina lake baada ya siku nyingi. Kijana akaweka kalamu. Alimtazama Mama Mwalimu kwa mshangao mtupu, akasema, "Mama, ungenyamaza ningesaini."

"Najua. Mi si kipofu."

"Basi nitarudi mvua ikipiga," kijana akasema, "nione kwa macho." Wakaondoka, na sote tulijua maana yake, maana watu wakisema nitarudi huwa wameshakwenda. Mwalimu alikuwa bado hajainua uso. Ndipo mkewe akamwambia, wala si kwa ukali, "Funga mudomo, inzi wataingia. Beba hayo makasha, chupa zimebaki." Na akabeba.

Kiangazi kiliisha bila mnunuzi. Ule ua mdogo wenye mpera ulichukuliwa na watu wengine. Mwenye ua akawasogezea siku, akawasogezea tena, matofali ya ghorofa yake yakawa yamepangwa mpaka mlangoni kwa Mama Mwalimu. Mi nilikuwa nimeanza kuwatafutia chumba, sisemi.

Mvua ya kwanza ilichelewa, na ilipokuja ilikuja na hasira zake zote. Ilianza kabla ya alfajiri, na palipopambazuka ilikuwa bado inapiga. Niko najaribu kufungua duka, simu ikalia. Ni yule kijana wa bandarini. Anapiga kelele juu ya kelele za bati.

"Niko Buterere! Niko ndani ya nyumba ya Mwalimu na mke wangu, yule mzee jirani aliyeachiwa ufunguo wa akiba katufungulia! Maji yako ngazi ya pili, kama Mama Mwalimu alivyosema. Ya pili kabisa, hayajaongeza! Muulize Mwalimu kama tunaweza kutengeneza njia ya mawe mpaka barabarani, ya kupitisha kiti cha magurudumu cha mama mukwe. Kama inawezekana, tunachukua leo! Sijaona mutu anauza nyumba anakwambia mpaka ngazi!"

Yampayinka! Niliacha duka wazi. Mi na umri huu na mwili huu, nilikimbia kwenye mvua, kandambili moja ikabaki kwenye tope la gereji, mafundi wananiuliza nani kafa. Nilifika uani kwao ninahema.

Mama Mwalimu alikuwa uani peke yake, kitenge kimefungwa magotini, anasukuma maji kwa ufagio yasiingie kwenye matofali ya mwenye ghorofa. Mlango wa chumba chao ulikuwa umefungwa. Hakuna mtu aliyesimama mlangoni. Nilitazama mara mbili.

"Mwalimu yuko wapi?" nikasema. "Mwite, Mama! Mwite upesi, yule kijana—"

Aliweka kidole mdomoni.

"Amelala," akasema.

"Amelala? Mvua yote hii?"

"Tangu ianze." Aliutazama ule mlango, maji yanamchuruzika usoni, na sikuweza kujua yapi ni ya mvua. "Sijamuona hivi tangu mvua ile ya kwanza ya Buterere. Hata anakoroma. Acha, mwanangu. Hiyo habari yako, hata kama ni ya nyumba, itangoja aamke."